Nyimbo zimeandikwa, mbona hazisomeki?

Safu ya maswali na majibu. Mjibu wetu alianza kupiga mashine ya mkono ya kuandikia mwaka 1988 katika sekretariati moja ya Nyawera, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Baadaye alihamia kompyuta, na hadi leo anapanga kurasa za vitabu, mialiko na karatasi za misa.

Mama, jambo sana. Mimi ni katibu wa kwaya yetu hapa Kadutu. Tulichanga pesa miezi miwili, tukapiga kitabu cha nyimbo 84, tukatoa fotokopi 60. Sasa wamama wa sauti ya kwanza wanasema hawaoni kitu. Wanashika kitabu kwa mkono mmoja na simu ya kumulikia kwa mkono wa pili. Tuliandika kwa ukubwa wa 12 kama tulivyofundishwa shuleni. Kosa liko wapi? Pesa ya kurudia kitabu kizima hatuna. Aksanti.
Katibu, Kadutu

Katibu wangu, umefanya vizuri kunitumia na nakala yenyewe. Nimeiweka mezani, nikachukua rula. Herufi zenu si za 12. Ni za 8 na nusu.

Ilikuwa hivi. Ninyi mlipiga kwenye ukurasa wa A4, na 12 ilikuwa 12 kweli. Mwenye fotokopi akachukua kurasa mbili, akazipanga ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja ili ikunjwe katikati iwe kitabu. Kila ukurasa ukawa A5, nusu ya A4. Ili A4 iingie katika A5, mashine hupunguza kila kitu hadi asilimia 71. Mngechungulia kioo chake siku ile mngeiona namba hiyo. Zidisha 12 kwa 0.71, utaona macho ya wamama yalipopotelea.

Namba hizo za herufi ni pointi, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, karibu milimita 0.35. Katika kitabu chenu, kutoka ncha ya b hadi mkia wa g hapafiki milimita 3. Kijana wa miaka ishirini anasoma hiyo bila kukunja uso. Lakini mtu akishapita arobaini, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, haijikunji tena vizuri kwa kitu cha karibu. Ndiyo maana watu wazima husogeza karatasi mbali, na wakiisogeza, herufi inazidi kuwa ndogo. Tena ninyi mnaimba misa ya jioni, na mara nyingi umeme haupo.

Niruhusu nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka 2003 shangazi yangu alifariki, na kwa kuwa kazi hii ni yangu, karatasi ya misa ya mazishi niliipanga mimi. Nilitaka iwe nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikachagua herufi za mikunjo, zile zinazofanana na mwandiko wa kalamu ya wino, nikabana nyimbo nne kwenye ukurasa mmoja mdogo ili karatasi zitoshe. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Fotokopi ikatoka ya kijivu, mikunjo myembamba ikakatika katikati. Siku ya misa mvua ilinyesha, kanisani kukawa giza saa tisa mchana. Benchi la tatu walikaa rafiki zake shangazi, wamama waliouza naye sambaza, samaki wadogo wa ziwa, miaka mingi. Niliwaona wanainua karatasi kuelekea dirishani, wanaigeuza huku na huku, halafu mmoja baada ya mwingine wanaiweka mapajani. Wimbo ambao shangazi mwenyewe aliuomba uliimbwa na vijana tu. Sauti zile nyingine, ambazo ndizo alizizoea, sikuzisikia. Tangu siku ile ukurasa siuamini mpaka niushike ukiwa umeshatoka kwenye mashine ya mwisho, mahali utakaposomwa.

Sasa tutengeneze. Kitabu chenu msikitupe, vijana wataendelea nacho. Chagueni nyimbo 20 mnazoimba zaidi, mzipige upya kwa ajili ya wamama peke yao. Wimbo mmoja kwa ukurasa ni kurasa 20, na karatasi moja ya A4 ikikunjwa inabeba kurasa nne, basi kitabu kimoja ni karatasi 5. Kwa wamama 15 ni karatasi 75. Hizo mtazipata.

Kabla ya kupiga neno la kwanza, badilisheni ukubwa wa ukurasa kwenye kompyuta uwe A5, milimita 148 kwa 210. Hapo unachokiona ndicho kitakachotoka. Herufi iwe 13 au 14. 12 ni ya kitabu cha kusoma umekaa, na mwimbaji amesimama na kitabu kiko mbali kidogo. Na fundi wa fotokopi mwambieni asiguse kupunguza: asilimia 100, kurasa mbili mbili. Kama mmeshapiga kwenye A4 na hamtaki kuanza upya, wekeni 18 au 19, ikipunguzwa itaangukia hapo hapo.

Nafasi kati ya mistari ni ndugu wa ukubwa wa herufi. Kipimo kizuri ni kati ya asilimia 120 na 145 ya herufi. Kwa herufi ya 13, mstari uchukue pointi 17 hivi. Kwenye kompyuta zetu za Kifaransa nenda kwenye interligne, chagua «Exactement», andika 17. Ninyi mliacha mistari imebanana, na mwimbaji akiinua macho kumtazama kiongozi, akirudi anatua kwenye mstari wa jirani. Nimeshaona kwaya nzima ikiingia ubeti wa tatu badala ya wa pili kwa sababu hiyo.

Aina ya herufi: mlitumia Times New Roman. Herufi hiyo ilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932, kwa safu nyembamba za gazeti, ndiyo maana imebana. Si mbaya, lakini kwa fotokopi ninapendelea Georgia. Herufi zake ndogo ni kubwa zaidi machoni hata namba ikiwa ile ile, na vijistari vyake havikatiki upesi wino ukipungua. Ichapeni mara moja kwa printa nzuri, karatasi hiyo iwe ndiyo mama, iwekwe kwenye bahasha ya plastiki kwa katibu. Fotokopi zote zitoke kwa mama huyo. Fotokopi ya fotokopi ya fotokopi ndiyo inayojaza tundu la e na la a mpaka vinafanana.

Kuna jambo ambalo rula haipimi. Kateni mstari pale mwimbaji anapovuta pumzi. Nimeona katika kitabu chenu mstari unaishia «tunakuja mbele» na unaofuata unaanza «yako Baba». Jicho linasimama mwishoni mwa mstari na sauti inasimama nalo. Andikeni «tunakuja mbele yako» mstari mmoja, «Baba» uanze wa pili. Kiitikio kiwe cha herufi nzito, au kisogezwe ndani sentimita moja, moja kati ya hayo inatosha. Upande wa mkunjo acheni pambizo pana, sentimita 2, maana pini ya chuma inakula nafasi. Na wimbo ukiwa mrefu wa kurasa mbili, ziwe kurasa zinazotazamana, ili asifunue katikati ya kiitikio.

Mkimaliza ukurasa wa kwanza, kabla ya kuendelea, mpelekeeni mama mmoja wa miaka sitini saa kumi na mbili jioni, ndani ya kanisa, bila taa ya simu. Msimuulize kama anaona. Mwombeni aimbe.

Mama, mimi ni mweka hazina wa muso yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Bagira. Kila mwezi natengeneza ripoti nzuri kwenye kompyuta, naigeuza PDF, natuma kwenye kundi la WhatsApp. Nimeandika YOTE KWA HERUFI KUBWA ili waone vizuri. Siku ya kikao kila mtu anauliza mambo yaliyomo ndani ya ripoti. Watu wetu hawapendi kusoma?
Dada wa Bagira

Dada yangu, wanapenda. Pesa ni yao, wangekosaje kutaka kusoma habari zake?

Pima kioo cha simu yako kwa upana: milimita 65 hivi. A4 ina 210. Ripoti yako ikiingia yote kwenye kioo, herufi yako ya 12 inabaki chini ya 4. Mama anayeuza sokoni lazima aikuze kwa vidole viwili, kisha auvute ukurasa kulia amalize mstari, aurudishe kushoto aanze mwingine. Ripoti ya mistari 40 ni safari 80 za kidole, na jua linapiga kioo, na mteja anasubiri. Ataifunga, atasema nitauliza kwenye kikao. Ni kosa lile lile la kwaya ya Kadutu: kipimo kilikuwa sawa kwa anayeandika, kikapotea njiani.

Ripoti iandike ndani ya ujumbe wenyewe. Maandishi ya ujumbe hufuata ukubwa ambao kila mtu amejichagulia kwenye simu yake, na mistari inajikata yenyewe kulingana na kioo. Aya ziwe za mistari mitatu minne, kati yake acha mstari mtupu. Kila kiasi cha pesa kikae mstari wake. Ukitaka neno lionekane zito, lizungushie nyota moja kila upande, na ulifanyie hivyo jambo moja tu, tuseme tarehe ya kikao. Yakikolezwa yote, hakuna lililokolezwa.

Herufi kubwa zinachukua nafasi zaidi na zote zina urefu mmoja: hakuna shingo ya b inayopanda wala mkia wa g unaoshuka, vitu ambavyo jicho hushika upesi. Kwa kichwa cha maneno mawili matatu ni sawa. Kwa ukurasa mzima zinachosha, na wengi wanahisi wanafokewa.

Kama katiba ya muso inataka PDF yenye sahihi, tengeneza ukurasa mdogo, A6, upande wa herufi weka 16. Kwenye simu itabaki karibu 10, na hiyo inasomeka. Halafu, dada, ile rangi ya kijani hafifu juu ya nyeupe iondoe. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti unaoitwa WCAG, toleo la 2008, unataka uwiano wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake. Kijani chako hakifiki, na kwenye kioo kilichopasuka kinatoweka kabisa. Nyeusi juu ya nyeupe haijawahi kumwangusha mtu.

Mama, naandika kazi yangu ya mwisho wa masomo kwa Kifaransa, lakini ndani nimeweka mahojiano marefu ya Kiswahili, yote kwa herufi za mlazo. Nimelinganisha kingo za maandishi, kushoto na kulia. Kwenye Kifaransa ukurasa ni safi. Nikifika kwenye Kiswahili kuna mashimo makubwa kati ya maneno, na mengine yanakatwa vibaya. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Panzi

Mwanangu, hesabu maneno. Kifaransa kinasema «ils ne nous ont pas écoutés», maneno sita. Kiswahili kinasema «hawakutusikiliza», neno moja la herufi 16. Kompyuta ikitaka kulinganisha ukingo wa kulia, haina pa kuongeza ila kwenye nafasi kati ya maneno, na Kiswahili kina nafasi chache katika mstari. Ndiyo hayo mashimo. Sehemu za Kiswahili zipange upande wa kushoto tu, ukingo wa kulia uachwe huru. Mwalimu wako akikataa, itabidi ukate maneno mwishoni mwa mistari, na hapo kuna hatari ya pili: kompyuta yako inadhani ni Kifaransa. Inakata «kuim-ba», «pen-da», kwa sababu Kifaransa hutenganisha n na d. Silabi yetu huishia kwa irabu: kui-mba, pe-nda, sha-ngazi. Maneno ya kukopa kama lab-da yana njia yake. Chagua sehemu hizo, badilisha lugha yake iwe Kiswahili, kisha ukate kwa mkono panapohitajika: bonyeza Ctrl pamoja na kistari katikati ya silabi. Kistari hicho kinajitokeza tu neno likifika mwisho wa mstari.

Mlazo uondoe. Mstari mmoja wa mlazo ni mzuri, kurasa tano zinaumiza. Mahojiano yasogeze ndani sentimita moja kila upande, msomaji atajua mwingine anasema. Utapata na faida nyingine: mstari wa A4 wenye pambizo za sentimita 2.5 unabeba herufi kama 90, ambazo ni nyingi, jicho linachoka kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Kati ya 45 na 75 ndipo linapopumzika. Mambo mengine, kama nafasi ya 1.5 kati ya mistari, fuata wanavyotaka shuleni kwako.

Mama, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ibanda, natunga vitabu vidogo vya kusomea Kiswahili. Kompyuta inaweka nafasi kabla ya alama ya kuuliza na kugeuza alama za kunukuu kuwa « ». Vitabu vya Tanzania havina hayo. Nifuate nini?

Mwalimu, nafasi hiyo ni desturi ya Kifaransa, na kompyuta yako imewekwa kwa Kifaransa. Wachapaji wa Dar es Salaam na Nairobi hubandika alama ya kuuliza kwenye neno na kutumia “ ”. Njia zote mbili zinaeleweka, nami mwenyewe mkono wangu umezoea « ». Lakini kwa watoto ningekushauri ufuate vitabu vya Kiswahili vya kwingine, kwa sababu watakutana navyo, na desturi ya Kifaransa ibaki kwenye somo la Kifaransa. Ukichagua moja, kitabu kizima kiifuate. Ukiamua kuacha nafasi, tumia ile isiyokatika, Ctrl na Shift na kitufe cha nafasi, la sivyo siku moja alama ya kuuliza itaanza mstari peke yake na mtoto atauliza inamuuliza nani.

Nimeona pia umetumia Arial. Tazama kwa karibu neno «Ili» katika Arial: I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili visivyo na tofauti. Mtoto anayejifunza anasoma «lli» na hajakosea. Nusu ya sentensi za Kiswahili za watoto zinaanza na Ilikuwa, Ile, Ikawa. Verdana, iliyotengenezwa na Matthew Carter miaka ya 1990 kwa ajili ya vioo vya kompyuta, inaipa I kubwa kofia na kiatu. Na ng' ya ng'ombe iandike kwa alama yake yenyewe, ile iliyo kwenye kitufe cha 4 cha kibodi yetu ya Kifaransa, si kwa aksenti iliyo karibu inayofanana nayo.

Kichwa cha habari: nikipigie mstari chini au nikikoleze?
Msomaji, Nguba

Koleza. Mstari wa chini tuliutumia kwa mashine za mkono kwa sababu hazikuwa na herufi nzito. Unakata mikia ya g, j, p na y.

Mama, mimi nachora vibao, na siku hizi naletewa pia majina ya kuandika juu ya misalaba ya makaburi. Napima nafasi sawa kwa rula kati ya herufi kubwa, lakini jina linaonekana limeachana. Familia hazisemi kitu, ila mimi naona.
Fundi, Kadutu

Fundi, jicho lako ni zuri, liamini kuliko rula. Rula inapima umbali, jicho linapima uwazi. Chukua jina Mawazo kwa herufi kubwa, MAWAZO. A imeegemea, W imeegemea, na ukiacha kati yao nafasi sawa na ile unayoacha kati ya miguu iliyonyooka, kama ya M na N, kunabaki uwazi mkubwa kuliko kwingine kote. Fikiria unamimina mchanga kati ya herufi na herufi. Mchanga uwe kiasi kile kile kila mahali. Kwa hiyo anza na zile ngumu, A W A, zisogeze mpaka zikaribie kugusana, kisha zipe herufi nyingine nafasi zinazolingana na hapo. Zilizonyooka zinahitaji nafasi zaidi, za mviringo kama O kidogo tu. Zichore kwanza kwa chaki kwenye kadibodi, rudi nyuma hatua nne, kunja macho nusu, utaona palipo na shimo.

Kuhusu urefu, wachora vibao wana kipimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Msalaba unasomwa na mtu aliyesimama karibu, basi sentimita 4 kwa jina zinatosha, tarehe iwe ndogo kidogo. Unene wa brashi usiwe mwembamba, mvua ya hapa inajulikana. Jina likiwa refu, liandike mistari miwili badala ya kuzibana herufi, na aksenti za majina ya Kifaransa ziweke hata juu ya herufi kubwa. Kabla ya kufungua kopo la rangi, soma jina hilo herufi moja moja pamoja na yule aliyekuletea karatasi, kwa sababu rangi ya mafuta ikishaingia kwenye mbao, kusahihisha ni kukwangua jina la marehemu mbele ya ndugu zake.